Mfumo wa kusimamia usalama wa ndege: Funzo kutoka nyika za Athi

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wa Athi River, Mlolongo na Syokimau, katika Kaunti ya Machakos, wameishi miaka mingi wakisikia ngurumo za ndege zinazoruka na kutua katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA. Baadhi yao hupata riziki katika uwanja huo au katika kampuni zinazoutegemea. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu jinsi mashirika ya ndege, viwanja na waelekezi wa safari za angani wanavyotakiwa kuzuia ajali kabla haijatokea.

Utaratibu huo huitwa mfumo wa kusimamia usalama. Kwa ufupi, ni mpango rasmi ambao shirika hutumia kila siku kutambua hatari, kupima uzito wake, kuipunguza, na kuhakikisha kwamba hatua zilizochukuliwa zinafaulu. Mfumo huu si kifaa kinachofungwa ndani ya ndege, wala si idara moja yenye ofisi na katibu. Ni namna ya kuendesha shirika zima, kuanzia mkurugenzi mkuu hadi kijana anayepakia mizigo.

Zamani usalama wa ndege ulijengwa juu ya makaburi. Ndege ilianguka, wachunguzi wakafika, sababu ikajulikana, na kanuni mpya ikaandikwa. Njia hiyo iliokoa maisha ya waliosafiri baadaye, lakini ilidai kwanza maisha ya waliotangulia. Mfumo wa kusimamia usalama unalenga kupata funzo lile lile bila kulipa gharama hiyo.

Miezi mitatu ya 1974

Anayetaka kuelewa umuhimu wa mfumo huu hana haja ya kwenda mbali. Nyika za Athi, zinazoenea kutoka Embakasi na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hadi Athi River, zilishuhudia matukio mawili makubwa katika kipindi cha chini ya miezi mitatu mwaka wa 1974.

Tukio la kwanza halikuua mtu, na kwa sababu hiyo wengi hawalijui. Mnamo Septemba 3, 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia kutua Nairobi. Mwelekezi wa safari za ndege aliwaruhusu marubani kushuka hadi futi 7,500. Marubani walielewa kuwa wameambiwa futi 5,000, nao wakaitegesha mitambo yao ishuke hadi kiwango hicho.

Kasoro ilikuwa dhahiri kwa yeyote ambaye angetua kidogo na kufikiri: uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege ile ilikuwa imeelekezwa kushuka chini ya ardhi. Marubani walitanabahi dakika ya mwisho na kuipandisha tena, lakini wakati huo ilikuwa imefika takriban futi 70 tu kutoka ardhini, ikiwa bado kilomita kadhaa kabla ya kufika uwanjani.

Tukio la pili liliandikwa kwa damu. Asubuhi ya Novemba 20, 1974, ndege ya shirika la Lufthansa, safari nambari 540 kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg kupitia Nairobi, ilianza kuruka kutoka uwanja huo huo, ambao wakati huo ulijulikana kama Embakasi. Ilikuwa na watu 157. Punde tu baada ya kuinuka ilianza kutetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka kiasi cha mita 1,120 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, ikalipuka na kuteketea. Watu 59 walifariki na 98 wakanusurika. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kusababisha vifo tangu aina hiyo ya ndege ianze kubeba abiria mwaka wa 1970.

Uchunguzi ulibaini kuwa vibamba vya ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo huisaidia ndege kuelea inapoenda kwa mwendo wa chini, havikuwa vimefunguka. Vibamba hivyo husukumwa na hewa yenye shinikizo kutoka kwenye injini, lakini vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka haikufuatwa ipasavyo. Na kwa vile hewa ya Nairobi ni nyepesi kutokana na mwinuko wake, ndege haikuwa na nguvu ya ziada ya kufidia upungufu huo.

Lakini swali zito zaidi lilikuwa hili: kwa nini ndege kubwa kiasi hicho haikuwa na king'ora cha kuwaonya marubani kwamba vibamba havijafunguka? Ilibainika kuwa ndege nyingine za aina hiyo ziliwahi kuruka vibamba vikiwa vimefungwa, ila zikabahatika kutoanguka. Onyo lilikuwapo, lakini halikuzifikia ndege zote kwa wakati. Ni baada ya ajali ya Nairobi ambapo kampuni ya Boeing iliongeza mfumo wa kuwatahadharisha marubani.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Tukio la Septemba na visa vilivyotangulia ajali ya Novemba vyote vilikuwa habari zenye thamani. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzikusanya habari hizo, kuzipima, na kumlazimisha mwenye mamlaka achukue hatua kabla ya maafa.

Nguzo nne

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu usimamizi wa usalama mwaka wa 2006. Mnamo 2013 lilikwenda mbali zaidi kwa kupitisha Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachohusu usimamizi wa usalama pekee. Kilikuwa kiambatisho kipya cha kwanza baada ya zaidi ya miaka 30, nacho kilianza kutumika Novemba 14, 2013.

Kiambatisho hicho kinawahusu wenye ndege za kibiashara, karakana za kukarabati ndege, vyuo vya urubani, watoaji wa huduma za uelekezi wa ndege, viwanja vyenye vyeti, pamoja na wasanifu na watengenezaji wa ndege. Wote hao wanatakiwa kusimamisha mfumo wao juu ya nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni sera na malengo. Shirika huandika ahadi yake ya usalama, nayo hutiwa sahihi na kiongozi wa juu kabisa, ambaye ndiye hubeba dhima ya mwisho. Kiongozi huyo ndiye mwenye uwezo wa kutoa fedha, kwa hivyo hawezi kumtupia lawama meneja wa chini ajali inapotokea. Anaweza kumkabidhi mwingine kazi, lakini dhima hubaki kwake. Aidha, shirika huteua msimamizi wa usalama na kuandaa mpango wa kukabiliana na dharura.

Nguzo ya pili ni usimamizi wa hatari. Hapa kila jambo linaloweza kuleta madhara huorodheshwa na kupimwa kwa mizani mbili: uwezekano wa kutokea na ukubwa wa madhara yake. Katika jedwali linalopendekezwa na ICAO, uwezekano hupewa namba kuanzia 1 hadi 5, na madhara herufi kuanzia A hadi E. Hatari ya 5A, yaani inayotokea mara kwa mara na inayoweza kuangamiza ndege, haivumiliki. Shughuli husimamishwa mara moja. Ile ya 1E inaweza kukubaliwa. Zilizo kati ya hizo hupunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa kinachowezekana.

Nguzo ya tatu ni uhakikisho. Haitoshi kutoa agizo. Sharti shirika lipime kama agizo limeleta mabadiliko. Hapa ndipo takwimu za vinasa safari, ukaguzi wa ndani na taarifa za wafanyakazi zinapotumika. Isitoshe, mabadiliko yoyote, kama vile kununua aina mpya ya ndege au kuanzisha safari mpya, hupimwa kabla ya kuanza.

Nguzo ya nne ni uhamasishaji, yaani mafunzo na mawasiliano. Mfanyakazi aliyeripoti kasoro hana budi kujulishwa ilichukuliwa hatua gani. Akiripoti mara tatu bila jibu, mara ya nne atanyamaza.

Mfano mdogo unaweza kusaidia. Tuseme dereva wa gari la kubeba mizigo anaona kwamba taa moja ya eneo la kuegesha ndege imezimika, na usiku hukaribia kugonga bawa. Chini ya utaratibu wa kale, angemlaani fundi na kuendelea na kazi. Chini ya mfumo huu hujaza fomu, hatari hupimwa, taa hutengenezwa, na baada ya muda mtu hurudi kukagua kama magari bado hukaribia mno ndege mahali pale. Huenda ikabainika kwamba taa haikuwa tatizo pekee, bali mistari ya barabara imefifia, na zamu za usiku zina madereva wachache waliochoka.

Matundu yanapolingana

Wataalamu wa fani hii humtaja sana mwanasaikolojia Mwingereza, James Reason, aliyefafanua kuwa ajali kubwa haiwi na sababu moja. Alilinganisha kinga za shirika na vipande vya jibini lenye matundu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kinga ina upungufu wake: mafunzo, vifaa, kanuni, usimamizi. Kwa kawaida tundu la kipande kimoja huzibwa na kipande kinachofuata. Ajali hutokea siku ambayo matundu yote yamelingana.

Fikira hiyo hubadilisha swali la kwanza baada ya mkasa. Badala ya kuuliza "Ni nani aliyekosea?", wachunguzi huuliza "Ni kwa nini kosa lake halikuzuiwa na kinga nyingine?" Mhandisi wa ndege ya Lufthansa alipitiwa, naam, lakini orodha ya ukaguzi, wenzake wawili na ndege yenyewe havikumzuia.

Wakenya walipata funzo chungu la aina hiyo mnamo Mei 5, 2007. Ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Douala, Cameroon, na watu wote 114 waliokuwemo wakafariki. Uchunguzi uliofanywa na Cameroon ulieleza kwamba marubani walipoteza udhibiti wa ndege usiku wa giza baada ya kupotewa na hisia ya uelekeo, na kwamba hapakuwa na ushirikiano wa kutosha baina yao. Ripoti iliangazia pia udhaifu uliokuwa umenakiliwa awali katika tathmini za mafunzo yao. Hilo ni jambo ambalo mfumo thabiti wa usalama hutakiwa kulinasa: habari iliyomo kwenye faili haina faida isipomfikia anayepanga nani aruke na nani.

Miaka saba kabla ya hapo, Januari 30, 2000, ndege nyingine ya shirika hilo, safari nambari 431, ilitumbukia baharini mara baada ya kuruka kutoka Abidjan, Côte d'Ivoire. Kati ya watu 179, ni 10 tu walionusurika. Chanzo kilihusishwa na king'ora kilicholia kimakosa na jinsi marubani walivyokiitikia gizani juu ya bahari.

Kenya ilipofikia

Halmashauri ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, iliundwa mwaka wa 2002 ili kusimamia sekta hii. Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013 iliipa msingi mpya, na kanuni za usimamizi wa usalama za 2018 zikayafanya matakwa ya Kiambatisho cha 19 kuwa sehemu ya sheria za nchi. Kwa upande wa kanda, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliunda mwaka wa 2007 wakala wa pamoja wa kuratibu usalama wa usafiri wa ndege, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, Uganda.

Juhudi hizo zilizaa matunda. Mnamo Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani, FAA, iliipandisha Kenya hadi Daraja la Kwanza, hatua iliyofungua njia ya safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 28, 2018.

Hata hivyo, daraja hilo hupima uwezo wa serikali kusimamia sekta, wala si hirizi ya kuzuia ajali. Mnamo Juni 5, 2018, ndege ndogo ya FlySax iliyokuwa ikitoka Kitale kuelekea JKIA iligonga mlima katika Aberdare na watu wote 10 wakafariki. Mnamo Machi 5, 2024, ndege aina ya Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 baada ya kuondoka Uwanja wa Wilson. Dash 8 ilirejea na kutua salama, lakini mwanafunzi na mkufunzi wake waliokuwa katika Cessna walifariki. Mabaki yaliangukia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo Athi River imepakana nayo.

Tukio hilo la Wilson linadhihirisha ugumu wa kazi. Uwanja huo, ulioanzishwa mwaka wa 1929, huhudumia ndege za abiria, za mafunzo, za misaada na za utalii katika anga moja finyu. Kila kampuni inaweza kuwa na mfumo wake mzuri, lakini hatari ikawa katikati yao, mahali ambapo hakuna mmoja anayeimiliki. Ndiyo maana ICAO huitaka kila nchi iwe na mpango wa kitaifa wa usalama, unaounganisha habari za mashirika yote.

Mficha maradhi

Uhai wa mfumo huu ni taarifa za wafanyakazi, na hapo ndipo mashirika mengi huteleza. Fundi aliyesahau bisibisi ndani ya injini, na akakumbuka usiku akiwa nyumbani Mlolongo, ana njia mbili. Anaweza kupiga simu ndege isiondoke, au anaweza kunyamaza akiomba Mungu lisitokee la kutokea. Njia atakayoichagua hutegemea alivyotendewa mwenzake aliyesema kweli mwezi uliopita.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika usafiri wa ndege, kifo hicho huwa cha watu wengine. Kwa sababu hiyo, ICAO inasisitiza utamaduni wa haki: mtu hatiwi adabu kwa kosa la kibinadamu aliloliripoti kwa hiari, ila anayevunja kanuni kwa makusudi au kwa uzembe uliokithiri hana kinga. Vivyo hivyo, lengo la uchunguzi wa ajali kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama.

Si rahisi kulitimiza hilo. Familia zilizopoteza wapendwa hudai kujua aliye na hatia, na wana haki ya kudai. Mahakama zipo kwa ajili hiyo. Lakini iwapo kila taarifa ya siri ya usalama itageuzwa kuwa ushahidi wa kumfunga aliyeitoa, taarifa zitakauka, na ajali itakayofuata haitakuwa na mtu wa kuionya.

Majirani wa uwanja

Mfumo wa uwanja wa ndege haukomi kwenye ua. Unagusa pia wanaoishi na kufanya biashara nje yake, na hapa Athi River na viunga vyake vina nafasi maalumu.

Jambo la kwanza ni nyuni. Majaa ya taka na mabaki ya vichinjio huvutia makorongo na mwewe, ambao wanaweza kuharibu injini. Kwa kawaida wataalamu wa viwanja huchunguza eneo la kilomita 13 kuzunguka uwanja ili kubaini vivutio vya aina hiyo. Hivyo, taka zinazotupwa ovyo kando ya Barabara ya Mombasa si suala la usafi pekee.

La pili ni majengo. Sheria inamtaka anayejenga karibu na uwanja au chini ya njia ya ndege apate idhini ya urefu wa jengo kutoka KCAA. Mnamo Novemba 2011, nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau katika ardhi ambayo serikali ilisema ni ya uwanja wa ndege, huku wenye nyumba wakisisitiza kuwa waliinunua kihalali. Mbali na mzozo wa hati za ardhi, kisa hicho kilionyesha hasara inayowapata wananchi pale ambapo mipaka ya uwanja hailindwi mapema, bali husubiriwa hadi watu wamehamia.

La tatu ni hatari kwa walio ardhini. Mnamo Julai 2, 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliangukia jengo eneo la Utawala, Embakasi, baada tu ya kuondoka JKIA, na watu wanne waliokuwemo wakafa. Mnamo Agosti 7, 2025, ndege ya AMREF iliyokuwa imeondoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kaunti ya Kiambu. Kati ya watu sita waliofariki, wawili walikuwa chini. Mpango wa dharura wa uwanja hauna budi kuhusisha hospitali, wazima moto, polisi na viongozi wa mitaa jirani, nao ufanyiwe majaribio.

La nne ni droni na miale ya leza. Anayerusha droni bila idhini karibu na uwanja, au anayemulika ndege inayotua kwa ajili ya mchezo, huongeza tundu katika kinga ambayo wengine wameijenga kwa jasho.

Karatasi au uhai?

Wapo wanaoulaumu mfumo huu kwamba umezaa makabrasha. Lawama hiyo ina ukweli. Kampuni ndogo yenye ndege mbili inaweza kununua mwongozo uliotungwa na mshauri, ikabadilisha jina kwenye jalada na kuuweka kabatini ukingoje mkaguzi. Ndiyo maana kanuni zinataka mfumo ulingane na ukubwa wa shirika: kampuni ndogo haihitaji idara nzima, inahitaji mkuu anayesikiliza na daftari linalofanyiwa kazi.

Mataifa makubwa pia yamechelewa. Marekani iliyataka mashirika yake makubwa ya abiria yawe na mifumo hii kikamilifu kufikia mwanzo wa 2018, lakini watengenezaji wa ndege walilazimishwa na kanuni mpya mnamo Aprili 2024 pekee. Hiyo ilikuwa miaka mitano baada ya ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX, iliyokuwa ikija Nairobi, kuanguka Machi 10, 2019, na kuua watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndege ya Lion Air ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia chini ya miezi mitano awali, ikiwa na watu 189. Kwa mara nyingine onyo lilikuwapo, na kwa mara nyingine lilichelewa kufanyiwa kazi.

Abiria hana njia ya kuukagua mfumo wa shirika analosafiria. Anaweza, hata hivyo, kudai ripoti za uchunguzi zichapishwe kwa wakati, mapendekezo yake yatekelezwe, na mfanyakazi anayefichua hatari asifutwe kazi. Swali la kumuuliza kila kiongozi wa sekta hii si idadi ya miaka aliyokaa bila ajali, bali ni kasoro ngapi ziliripotiwa kwake mwaka uliopita na ngapi kati ya hizo zimerekebishwa.